Kabla ya Kudai Nyongeza, Hesabu Siku Usizoruka



Juma hili simu yangu haijapata usingizi. Picha ile ile imenifikia mara 7: jedwali la mishahara ya marubani, kapteni wa Marekani juu kabisa, wa Ghuba katikati, na chini kwa wino mwekundu, sisi. Aliyenitumia mara ya 7 ni rubani msaidizi wa miaka 29, mama wa mtoto mmoja. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Dada, mkataba wetu wa pamoja unaisha Desemba. Angalia hii. Tudai mara mbili?"

Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nikaisogeza mbuzi pembeni, nikakausha mikono, nikaisoma ile picha polepole, maana nilishawahi kuibeba mwenyewe. Namjibu hapa ili na wengine msikie, hasa nyinyi mliochaguliwa juzi kuingia kwenye kamati ya majadiliano na usiku hamlali vizuri.

Mara yangu ya kwanza kukaa mezani na mwajiri, tuliingia na karatasi kama hiyo hiyo. Tuliichapisha kwa rangi. Mkuu wa fedha wa upande wa pili akaipokea kwa heshima, akavaa miwani, akauliza maswali matatu. Hii ni kabla ya kodi au baada ya kodi? Ni kwa saa ngapi za kuruka kwa mwezi? Nyumba imo humu au haimo? Tulikuwa watu watano upande wetu, na hakuna aliyekuwa na jibu hata la swali moja. Akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai. Ilikaa pale hadi kikao kikaisha, na tulipoichukua ilikuwa na duara la chai juu ya tarakimu zetu. Siku ile nilijua kwamba kulinganisha mishahara ni kazi ya kufanywa kwa utulivu, wiki nyingi kabla ya kikao, na hati mkononi. Uchungu tulikuwa nao wa kutosha. Ushahidi ndio hatukuwa nao.

Basi tuanze na hao Wamarekani wanaotukosesha usingizi.

Zile namba za Marekani si za uongo. Mwaka 2023 ulikuwa mwaka wao. Marubani wa Delta waliidhinisha mkataba mwezi Machi uliopandisha viwango vyao kwa asilimia 34 katika muda wa miaka minne. American wakafuata Agosti, United Septemba, na Southwest wakamaliza Januari 2024 kwa nyongeza inayokaribia asilimia 50 hadi mwisho wa mkataba. Lakini angalieni walivyofika huko. Wakati wa Covid, mashirika yao yalilipa maelfu ya marubani wakongwe wastaafu mapema. Abiria waliporudi, viti vya mbele vilikuwa vitupu na rubani hapatikani dukani. Halafu kulikuwa na kulinganisha kwenyewe: mkataba wa Delta uliwekwa kifungu kwamba viwango vyao vitazidi vya American na United kwa asilimia 1. United walipokubaliana na marubani wao, American ikalazimika kurudi na kuongeza ofa ambayo ilikuwa imeshawekwa mezani. Kwao kulinganisha si malalamiko ya kantini. Kumeandikwa ndani ya mkataba na kunatembeza pesa.

Sasa, rubani wa Marekani hulipwa kwa saa, na saa yake huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho na kukoma inapoegeshwa. Muda wa kupitia taarifa za hali ya hewa, kuizunguka ndege kwa tochi alfajiri, kumsubiri abiria aliyepotea, hauna kiwango hicho. Ukiona dola 300 kwa saa ukazizidisha kwa saa 8 kwa siku na siku 22 kwa mwezi, utapata utajiri ambao hakuna anayelipwa. Mikataba yao humhakikishia mtu kima cha chini cha saa kwa mwezi, mara nyingi 70 na kitu, hata asiporuka zote. Kanuni za usalama nazo zinamzuia: zaidi ya saa 100 ndani ya wiki nne haruhusiwi, na Ulaya ni hivyo hivyo kwa siku 28. Kwa hiyo kizidishio chako ni sabini, themanini, si mia na sabini.

Kuna jambo moja kwao ambalo ningeliiga kesho asubuhi. Mikataba mingi ya kule ina kifungu kinachosema kwa kila saa kadhaa ukiwa mbali na nyumbani, tuseme 3 na nusu, utalipwa angalau saa 1 ya kuruka, hata kama ndege ilikuwa chini muda wote. Mwenye kupanga rosta akikuacha siku 2 hotelini Lagos kwa ajili ya safari moja fupi, anajua kwamba anailipia. Wadogo zangu, mngejua siku ngapi za maisha yangu nimezimaliza kwenye vyumba vya hoteli nikipigiwa hesabu ya sifuri, mngekiweka kifungu hicho ukurasa wa kwanza.

Ghuba je? Huko ndiko wenzetu wengi wameenda, na siwalaumu, wana watoto na mikopo. Umoja wa Falme za Kiarabu haukati kodi ya mapato kwenye mshahara. Hapa Kenya, tangu Julai 2023, sehemu ya mshahara inayozidi shilingi 800,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 35, na juu yake kuna bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5, hivyo viwili bila kikomo. Kapteni mwenye mshahara mkubwa anaona tofauti hiyo kila mwisho wa mwezi. Ongeza nyumba, ongeza karo za watoto, na jedwali lile likawa na ukweli wake.

Lakini jedwali haliwezi kukuonyesha kwamba sheria ya huko hairuhusu chama cha wafanyakazi wala mgomo. Mabadiliko ya rosta utayasoma kwenye barua pepe. Pensheni ya mgeni hakuna. Kuna kiinua mgongo cha siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Sikilizeni neno hilo, mshahara wa msingi. Nyumba haimo, karo haimo, posho ya kuruka haimo. Rafiki yangu wa karibu alipunguzwa kazini mwaka 2020 pamoja na mamia wengine wa fani yetu katika eneo lile. Aliniambia jambo lililomuumiza zaidi si mshahara kukatika. Nyumba, shule na kibali cha kuishi vyote vilikuwa vimefungwa kwenye kamba moja, ikakatwa siku moja. Mwanawe alikuwa na mitihani mwezi uliofuata.

Kwa hiyo anayelinganisha mshahara wetu na wa Dubai alinganishe na hatari ya Dubai pia. Ukiondoa nyumba, ukaondoa karo, ukaweka kando hesabu ya kodi, ukahesabu na akiba ambayo mwajiri wako hapa anakuwekea au angepaswa kukuwekea, pengo linabaki. Linabaki, na nataka mlidai. Ila litakuwa pengo ambalo mtu wa fedha hawezi kulikunja na kuliweka chini ya kikombe.

Sasa nisogee kwenye kitu ambacho ndicho hasa nilitaka kumwambia huyu mdogo wangu wa jedwali.

Chukua kalamu. Tuseme kuna marubani wawili wasaidizi katika kampuni mbili. Wa kwanza ana mshahara wa msingi shilingi 300,000 na posho ya shilingi 5,000 kwa kila saa anayoruka. Akiruka saa 60, anapata 600,000. Wa pili ana msingi wa 480,000 na posho ya 1,500 tu kwa saa. Akiruka saa 60 anapata 570,000. Kwenye jedwali la WhatsApp wa kwanza kamshinda mwenzake kwa 30,000, na vijana wa kampuni ya pili wataanza kupiga kelele.

Waajiri wote wawili wanachangia asilimia 10 kwenye akiba ya uzeeni, na mchango hukokotolewa kwenye msingi. Wa kwanza anawekewa 30,000 kwa mwezi, wa pili 48,000. Halafu mwaka una miezi 12, na hakuna rubani anayeruka yote. Kuna likizo, kuna ndege kukaa karakana, kuna msimu mbaya, kuna homa. Tuseme kila mmoja ana miezi 2 asiyoruka hata saa moja. Wa kwanza atapata mwaka mzima 6,600,000, wa pili 6,660,000. Ongeza akiba: wa kwanza 6,960,000, wa pili 7,236,000. Yule aliyekuwa nyuma kwa 30,000 kila mwezi amemaliza mwaka akiwa mbele kwa 276,000. Na hapo hatujagusa kiinua mgongo, mkopo wa nyumba ambao benki huupima kwa msingi, wala likizo ya uzazi.

Mwajiri anapenda kukupa posho. Anapenda kwa sababu posho hulala unapolala. Mkiingia mezani mkashangilia posho ya saa kupanda kwa asilimia 40 huku msingi ukipanda kwa 3, mmepewa pesa ya siku njema, na siku njema hazikuwa tatizo lenu.

Ndiyo maana nasema, kabla hujalinganisha unacholipwa ukiruka, linganisha unacholipwa usiporuka. Tengenezeni jedwali jipya lenye safu hiyo. Kampuni za jirani zinazorusha ndege kama zenu, njia kama zenu, zinamlipa nini mtu aliye likizo? Aliye zamu ya kusubiri nyumbani, sare imetundikwa mlangoni na simu mkononi, haruhusiwi hata kwenda Kilifi kumwona mama yake? Anayesafirishwa kama abiria kwenda kuchukua ndege mji mwingine? Aliyezuiwa na daktari?

Huyo wa daktari nataka tukae naye kidogo.

Rubani wa ndege za abiria hubeba cheti cha afya cha daraja la kwanza, na kwa kawaida hukirudia kila mwaka, au kila miezi 6 umri na aina ya kazi vikidai hivyo. Kila mara anapoingia kwa daktari anaweka kazi yake yote mezani. Namfahamu kapteni mmoja, mwanaume mtulivu, hanywi, anatembea kila asubuhi. Kipimo cha moyo kikaonyesha mstari mmoja usiokaa vizuri. Alikuwa mzima wa afya, anacheka na wajukuu, lakini cheti kikasimamishwa miezi 8 wakati wa uchunguzi. Sheria ya ajira ya Kenya inampa mgonjwa kiwango cha chini cha siku 7 kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara, kwa mwaka. Siku 14. Yaliyobaki ni yale mliyoyaandika kwenye mkataba wa pamoja, au hamkuyaandika. Yeye mkataba wake ulikuwa na miezi 3. Mwezi wa 4 mkewe aliuza gari.

Ulizeni, basi, kuhusu bima ya kupoteza leseni. Nani analipa ada yake, wewe au kampuni? Inalipa kiasi gani na baada ya muda gani? Inahesabu msingi peke yake, au na wastani wa posho za mwaka uliopita? Inakoma ukifika umri gani? Mashirika mengine duniani hulipia bima hiyo kikamilifu, mengine huwaachia marubani wanunue kupitia chama. Thamani yake haionekani kwenye hati ya mshahara, ndiyo maana hakuna anayeiweka kwenye picha za kusambaza.

Na nyinyi dada zangu mnaorusha, sikieni la kwetu. Sheria inatupa miezi 3 ya uzazi kwa mshahara kamili. Lakini mwili wa rubani mjamzito una kalenda nyingine. Mapendekezo ya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, ni kwamba mimba isiyo na matatizo humruhusu mama kuruka kuanzia mwisho wa wiki ya 12 hadi mwisho wa wiki ya 26. Nje ya hapo yuko chini. Hesabuni wenyewe: wiki za mwanzo, wiki za mwisho, kisha likizo yenyewe, kisha kurudi kwenye simuleta kuhuisha leseni. Kwa muda huo wote posho ya kuruka ni sifuri, na "mshahara kamili" kwa tafsiri ya waajiri wengi ni ule msingi. Mimi nilijifungua mtoto wangu wa pili nikiwa na chini ya nusu ya pesa niliyoizoea, na kampuni ile haikuvunja sheria hata mstari mmoja. Ni sisi tuliokuwa mezani miaka miwili kabla yake ambao hatukukumbuka kuuliza. Kamati yote ilikuwa ya wanaume na mimi, na mimi nilikuwa naona haya kuitaja mimba mbele ya watu. Usione haya, mdogo wangu. Andika kifungu: rubani mjamzito alipwe wastani wa mapato yake ya miezi 12, apewe kazi ya ardhini akitaka, na asipoteze nafasi yake kwenye orodha ya kupandishwa ukapteni.

Tuje kwenye akiba ya uzeeni, ambako naona vijana wengi mnapitisha macho haraka kwa sababu 60 iko mbali.

Mnakumbuka Novemba 2022, pale marubani wa Kenya Airways kupitia chama chao cha KALPA waliposusia kazi kuanzia tarehe 5? Kampuni ilisema inapoteza takriban shilingi milioni 300 kwa siku. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikaamuru warudi kazini asubuhi ya tarehe 9. Watu mitaani walisema marubani wana tamaa, wanataka mishahara zaidi. Yasomeni madai yenyewe. La mbele kabisa lilikuwa michango ya mwajiri kwenye hazina ya akiba ya uzeeni, iliyosimamishwa wakati wa Covid, na sehemu ya mishahara iliyoahirishwa wakati huo huo. Hata hao ambao mlidhani wanalipwa wakatosheka, walifika kwenye kugoma kwa ajili ya pesa ya siku ambazo hawatakuwa wakiruka.

Na Marekani ile ya kwenye jedwali ina kisa chake. United iliingia katika ulinzi wa mufilisi Desemba 2002. Mei 2005 mahakama ikairuhusu kuzitua pensheni za wafanyakazi wake, mzigo ukahamia kwa shirika la serikali linalodhamini pensheni, PBGC, nalo lina kikomo cha kinacholipwa kila mtu. Kikomo hicho hukokotolewa kikamilifu kwa anayestaafu akiwa na miaka 65, na hupungua ukistaafu mapema. Wakati huo sheria iliwalazimu marubani wa mashirika ya ndege kuacha kuruka wakifika 60. Umri wa 65 ulipitishwa Desemba 2007. Basi mtu alikatazwa na sheria moja kufanya kazi, kisha akapunguziwa na nyingine kwa kuwa ameacha kazi mapema. Makapteni walioahidiwa uzee wa raha walijikuta na sehemu tu ya ile ahadi.

Ndiyo sababu leo marubani wa Marekani hubishania asilimia ambayo mwajiri anaweka kila mwezi kwenye akaunti yenye jina la mfanyakazi, nje ya mkono wa kampuni. Ukiona American, United na Delta, hapo ndipo pa kutazama: kampuni inaweka zaidi ya asilimia 15 ya mapato, hata rubani asipochangia senti yake. Linganisheni na chenu. Ulizeni pia kama mchango unafika kwenye hazina kwa wakati. Makato yaliyoandikwa kwenye hati ya mshahara na pesa iliyofika kwa wadhamini ni mambo mawili, nanyi mna haki ya kuomba taarifa za akaunti zenu kutoka kwa hazina yenyewe. Iombeni mwezi huu, kila mmoja.

Kuhusu tiketi za bure za familia, siku za mapumziko, hoteli, usafiri wa usiku kutoka uwanjani, sitakaa sana. Mnajua uzito wake. Ila siku 2 zaidi za kulala nyumbani kwa mwezi zina bei, na mkizitoa kama sadaka kwenye majadiliano jueni mmeuza nini. Chukueni mshahara wa mwezi, gawanyeni kwa saa zote mlizokuwa mbali na nyumbani, tangu kufunga mlango hadi kuufungua. Nilipofanya hesabu hiyo mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu.

Sasa namna ya kukusanya haya yote bila kumchongea mwenzako. Msisambaze hati za mishahara za watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na zaidi ya sheria kuna imani ya mwenzio aliyekuonyesha. Tengenezeni fomu isiyo na jina: aina ya ndege, cheo, miaka kazini, msingi, posho, saa zilizorukwa, siku nje ya nyumbani, kwa miezi 12 mfululizo. Mwezi mmoja hautoshi; Desemba itawadanganya na Mei itawadanganya. Vyama vya marubani huzungumza, vingi viko chini ya shirikisho lao la dunia, IFALPA, na chama jirani kitawapa viwango vya mkataba wake mkiomba kwa utaratibu.

Na mwajiri mwenyewe ana wajibu. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya Kenya ya 2007, kifungu cha 57, inamtaka aweke wazi kwa chama taarifa zote zinazohitajika ili chama kiweze kujadiliana ipasavyo. Wenzetu wa Tanzania, ambako mnauita mkataba wa hali bora, mwajiri wenu ana wajibu kama huo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Andikeni barua rasmi mapema. Ombeni gharama za wafanyakazi kwa miaka mitatu, idadi ya marubani walioondoka, na gharama ya kumfundisha anayechukua nafasi. Kama kampuni iko kwenye soko la hisa, hesabu zake zilizokaguliwa ziko hadharani. Mpeni mhasibu wa kuaminika azisome nanyi jioni moja. Kenya Airways kwa mfano ilitangaza faida ya shilingi bilioni 5.4 kwa mwaka 2024, ya kwanza kwa zaidi ya miaka 10, kisha nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara. Anayejadiliana akijua moja ya habari hizo mbili bila nyingine atapoteza njia.

Idadi ya walioondoka ndiyo namba yenu yenye nguvu kuliko zote. Jedwali la Dubai linasema mngeweza kuondoka. Majina, tuseme 14, yaliyofutwa kwenye rosta ndani ya miaka miwili yanasema watu wanaondoka, na kila mmoja wao ameenda na mafunzo ambayo kampuni iliyalipia, miezi ya simuleta na ya kuruka na mkufunzi. Mtu wa fedha hawezi kuuliza kama hiyo ni kabla au baada ya kodi.

Jambo la mwisho la kukagua ni tarehe. Huko Marekani mkataba wa marubani haufi tarehe ikifika, kwa sheria yao ya reli ya 1926 ambamo usafiri wa anga uliingizwa mwaka 1936. Masharti ya zamani huendelea huku majadiliano yakivutwa. Southwest walianza kustahili mabadiliko mwaka 2020 wakasaini 2024. Miaka hiyo yote nyongeza ilikuwa hewani, na malimbikizo yakawa sehemu kubwa ya vita. Hapa kwetu mkataba wa pamoja huanza kufanya kazi ukisajiliwa mahakamani. Andikeni ndani yake kwamba viwango vipya vinaanza siku ule wa zamani ulipoisha, malimbikizo yalipwe lini, na yahesabiwe kwenye akiba pia. Msiliache lije kujadiliwa baada ya kusaini, mkiwa mmechoka na mwenyekiti anatazama saa.

Mdogo wangu wa jedwali, uliniuliza mdai mara mbili. Ningependa mdai msingi upande hadi uwe sehemu kubwa ya pato lenu, mchango wa uzeeni ukokotolewe kwenye pato lote, miezi 12 ya mshahara kwa aliyesimamishwa na daktari, bima ya leseni ilipwe na kampuni, na mama mjamzito asiadhibiwe. Ukishaviweka hivyo kwenye shilingi utakuta vinakaribia ile mara mbili, na kila kimoja kina karatasi yake.

Jumamosi niko nyumbani kuanzia saa 10 alasiri. Njoo na hati zako za miezi 12, usiache ile ya Februari ulipougua, na mlete mtoto acheze uani. Nitaweka kikokotoo, na chai tutainywea upande wa pili wa meza.